Nani Anamdai Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mpangaji Anayehama Kabla ya Muda

Barua nyingi za safu hii mwezi huu zimetoka Mwanza, na karibu zote zinahusu mpangaji aliyeondoka kabla ya mkataba kwisha. Jambo hilo halinishangazi. Jiji linalopokea wahandisi na mafundi wa miradi mikubwa, kama lile daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 na reli ya kisasa ya kutoka Mwanza kwenda Isaka, hupokea wapangaji ambao makazi yao hufuata kazi, na kazi ikihamia mkoa mwingine nao huhama. Ukiongeza wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara wa samaki, utaona kwamba mwenye nyumba wa Mwanza hana budi kujua la kufanya siku anapoletewa funguo mapema. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu hesabu yake inawahusu wengi.

Swali la kwanza

*Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Buhongwa, na nina nyumba ya vyumba vitatu Nyegezi niliyompangisha mhandisi wa kampuni moja ya ujenzi kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mkataba ni wa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Machi, umeandikwa na umesainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Tarehe 10 Julai alinipigia simu akasema amehamishiwa mkoa mwingine, na mwisho wa Julai akaondoka. Sasa anataka nimrudishie kodi ya Agosti na amana yake, na zaidi ya hapo ananidai shilingi 7,500 alizokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa ajili ya kodi ya jengo. Mkataba wetu unasema wazi kwamba mpangaji akiuvunja kabla ya muda, atalipa kodi yote ya miezi iliyobaki. Kwa hesabu yangu yeye ndiye ninayemdai shilingi 1,800,000, yaani Septemba hadi Februari. Kijana wangu ananishauri niifunge nyumba na kumpeleka barazani. Dalali naye amenipatia mtu wa kuingia tarehe 15 Agosti, lakini anataka kulipa 280,000. Nimsikilize nani? — Mwalimu mstaafu, Buhongwa*

Mama, shikamoo. Msikilize dalali, ingawa mimi si mtu wa kuwasifu madalali mara kwa mara.

Nianze na mahali ambapo haki iko upande wako. Mkataba wa muda maalumu, usio na kipengele kinachomruhusu mmoja wenu kuumaliza mapema kwa notisi, humfunga kila upande mpaka siku ya mwisho. Simu ya tarehe 10 Julai ilikuwa taarifa ya kiungwana, lakini haikumfungua mhandisi wako kutoka katika wajibu wake, kwa sababu mkataba haukumpa njia hiyo. Uhamisho wa kazi nao haumwokoi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 56, inazungumzia mkataba unaokufa kwa sababu utekelezaji wake umekuwa jambo lisilowezekana. Lakini nyumba ya Nyegezi ipo palepale, paa lake lipo, maji yanatoka, na kilichobadilika ni mahali anapofanyia kazi mpangaji. Hilo ni jambo lake na mwajiri wake. Ingekuwa tofauti kama ziwa lingeingia sebuleni, kama lilivyoingia katika nyumba za watu kandokando ya Ziwa Victoria mwaka 2020 maji yalipopanda. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamlinda mpangaji ambaye nyumba imemharibikia kwa mafuriko, moto au dhoruba bila kosa lake, na kodi husimama kwa kadiri ya uharibifu hadi nyumba itakapofaa tena kukaliwa. Wewe hukupatwa na jambo la namna hiyo. Kwa hiyo mpangaji wako amevunja mkataba, na una haki ya kufidiwa.

Swali lililobaki ni fidia kiasi gani, na hapa ndipo wenye nyumba wengi hupotea njia.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyompata kutokana na kuvunjwa huko, na kinaagiza kwamba katika kuipima hasara hiyo zizingatiwe njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Maana yake kwako ni kwamba, ukiwa na mtu aliye tayari kuingia tarehe 15 Agosti, huwezi kuifunga nyumba, ukakaa Buhongwa kwa miezi sita, kisha ukaliambia baraza kwamba umepata hasara ya miezi sita. Utaulizwa kwa nini ulimkataa yule mtu. Jibu la kwamba ulitaka kumfundisha mhandisi adabu halina thamani ya shilingi hata moja.

Je, kile kipengele cha kulipa kodi yote iliyobaki? Kipengele hicho kimeenea sana, na nadhani ni kwa sababu mikataba yetu mingi huchapwa katika maduka ya vifaa vya ofisi kutoka katika nakala moja inayozunguka nchi nzima. Nimewahi kuona mkataba wa nyumba ya Nyakato ambao bado ulikuwa na jina la mtaa wa Dar es Salaam katika aya ya migogoro. Kipengele si batili, ila hakifanyi kazi kama kinavyosomeka. Kifungu cha 74 kinasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa na atakayeuvunja, aliyevunjiwa anastahili fidia inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo shilingi 1,800,000 ni ukomo wa juu wa unachoweza kudai, na ndani ya ukomo huo baraza litakupa kile kinacholingana na hali halisi. Kama ungekuwa umehangaika kwa bidii na nyumba ikakaa tupu mpaka Februari, ungeweza kuukaribia ukomo huo. Kwa kuwa mtu amepatikana ndani ya wiki chache, uko mbali nao sana.

Tufanye hesabu yako, tukichukulia kwamba umemkubali mpangaji mpya kwa 280,000 kuanzia tarehe 15 Agosti. Upungufu wa kodi ni shilingi 20,000 kwa kila mwezi kuanzia Septemba hadi Februari, yaani shilingi 120,000. Katika karatasi ulizoambatisha nimeona ankara ya maji ya MWAUWASA ya shilingi 46,000 ambayo hakuilipa, na makisio ya fundi ya shilingi 55,000 kwa wavu wa dirisha la jikoni uliochanika na sinki lililopasuka. Jumla ni shilingi 221,000. Sikuweka gharama ya kupaka rangi upya uliyoitaja, kwa sababu ukuta uliofifia kwa kukaliwa ni uchakavu wa kawaida ambao mpangaji halipii. Sinki lililopasuka ni jambo jingine.

Sasa angalia Agosti. Mhandisi alikwisha kuilipa yote, na mpangaji mpya atakulipa kwa siku 17, kuanzia tarehe 15 hadi 31, kiasi kinachokaribia shilingi 153,500. Nyumba moja haiwezi kukulipa mara mbili kwa siku zile zile halafu useme umepata hasara. Fedha hizo lazima ziondolewe katika madai yako. Hasara yako halisi inabaki shilingi 67,500. Ukiikata katika amana ya 300,000, unabakiwa na 232,500 za mhandisi. Na zile 7,500 za LUKU, Mama, usizikasirikie, kwa kuwa ni haki yake. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo; shilingi 1,500 zinazokatwa kila mwezi kwa nyumba ya kawaida hupita tu katika umeme anaoununua mpangaji kwa sababu ndiko serikali ilikoamua kuzikusanyia, naye alizilipa kwa miezi mitano. Ukiziongeza, unatakiwa kumrudishia shilingi 240,000. Kodi ya kipande cha kwanza cha Agosti, kabla mgeni hajaingia, humrudishii, kwa sababu alikuwa na haki ya kukaa na aliamua mwenyewe kuondoka.

Najua jibu hili ni chungu kwa mtu aliyeandika barua akitarajia milioni moja na laki nane. Lakini fikiria upande wa pili wa hesabu. Kama dalali asingepata mtu hadi tarehe 1 Novemba, na mtu huyo akalipa 300,000 kamili, ungekuwa umekosa Septemba na Oktoba, yaani 600,000. Ukiongeza maji na fundi unafika 701,000, na baada ya kuikata amana na kumtolea zile 7,500 ungekuwa unamdai mhandisi shilingi 393,500, na ningekuwa wa kwanza kukuambia umwandikie barua ya madai. Sheria ni ile ile. Kinachobadilika ni muda ambao nyumba imekaa tupu, na ushahidi kwamba haikukaa tupu kwa kupenda kwako. Kwa sababu hiyo tunza ujumbe wa simu uliobadilishana na dalali, na andika majina ya waliokuja kuiona nyumba na tarehe walizokuja, pamoja na sababu ya kila aliyekataa.

Kabla mgeni hajaingia, yako mambo ya kukamilisha na mhandisi. Mwombe arudi au amtume mtu mwenye barua yake, mpite chumba kwa chumba, msome mita ya maji na mita ya umeme, mhesabu funguo zote pamoja na ile ya geti, kisha muandike karatasi ya makabidhiano inayosema kwamba mkataba umefikia mwisho tarehe fulani kwa makubaliano, kwamba amana imekatwa kiasi fulani kwa sababu zilizoorodheshwa, na kwamba baada ya malipo hayo hakuna anayemdai mwenzake. Wekeni saini, na mwenyekiti wa mtaa yule yule aweke muhuri wake. Bila karatasi hiyo, mhandisi anaweza kurudi Desemba akadai kuwa mkataba wake bado uko hai na kwamba umeingiza mtu katika nyumba aliyoikodi. Si jambo la kufikirika tu: madai ya kimkataba yanaweza kufunguliwa hadi miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, na kumbukumbu za watu hazidumu muda huo wote.

Jambo la mwisho kwako ni la mamlaka ya mapato, TRA. Hukusema kama mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa kodi yako ya 3,600,000 ni shilingi 36,000. Ukifika barazani na mkataba usiolipiwa, hautapokelewa kuwa ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe. Kwa mkataba wa mpangaji mpya, lipia mapema. Na wakati unauandika, weka kipengele ambacho hukuwa nacho safari hii, kinachomruhusu kila mmoja wenu kuumaliza mkataba kwa notisi ya maandishi ya miezi miwili, au kwa kulipa kodi ya miezi hiyo badala ya notisi. Wapo wenye nyumba wanaokiogopa kipengele hicho wakidhani kinamfungulia mpangaji mlango. Mimi naona kinyume chake: mpangaji aliyehamishwa kazi ataondoka tu, na afadhali aondoke kwa utaratibu unaokupa miezi miwili ya kumtafuta mwingine.

Swali la pili

*Ndugu Mshauri, nina vyumba sita vya kupangisha Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Mpangaji wangu mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, tuliandikiana mkataba wa miezi sita na akalipa mitatu. Muda aliolipia ulikwisha wiki tano zilizopita na tangu hapo hajaonekana. Mlango una kufuli lake, simu haipatikani, majirani wanasema yuko visiwani Ukerewe. Ndani najua kuna jokofu, kitanda na magunia. Tangu juzi chumba kinatoa harufu mbaya. Nataka kuvunja kufuli, niuze jokofu nijilipe, nimpangishe mwingine. Kuna tatizo? — Mwenye vyumba, Kirumba*

Kuna matatizo matatu, na kubwa kuliko yote umelitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo.

Chumba kilichofungwa kwa wiki kadhaa kikianza kunuka, hilo ni jambo la polisi kabla ya kuwa jambo la kodi. Yawezekana kabisa ni gunia la dagaa lililoingia unyevu, au jokofu lililozimika baada ya umeme wa LUKU kwisha. Pengine ndivyo ilivyo. Lakini usiwe wewe wa kuligundua ukiwa peke yako na nondo mkononi. Nenda leo kwa mwenyekiti wa mtaa, mweleze, na kwa pamoja mtoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Mlango ufunguliwe mbele ya askari, mwenyekiti na angalau jirani mmoja asiye ndugu yako.

Ikionekana kuwa ni dagaa waliooza, basi ondoeni kilichooza tu. Vyote vilivyobaki viorodheshwe kimoja kimoja katika karatasi, vipigwe picha pale pale vilipo, waliokuwapo waweke saini, na chumba kifungwe kwa kufuli jipya ambalo ufunguo wake mmoja utakaa katika ofisi ya mtaa. Nasisitiza orodha kwa sababu malalamiko ya namna hii hufuata njia moja: mpangaji anarudi, anakuta kufuli limebadilishwa, na papo hapo anakumbuka kwamba chini ya godoro aliacha shilingi milioni tatu za mtaji. Bila orodha yenye mashahidi, wewe uliyekuwa unamdai kodi ya mwezi mmoja na kidogo unageuka kuwa mtuhumiwa wa wizi.

Tatizo la pili ni kudhani kwamba amehama. Wewe unaishi Kirumba, unajua kuliko mimi jinsi dagaa wanavyovuliwa: wavuvi huingia ziwani na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea hupumzika. Mfanyabiashara anayenunua visiwani hukaa huko giza lote ili akusanye mzigo, na mtandao wa simu visiwani hauaminiki kila mahali. Kutoonekana kwa wiki mbili au tatu hakuthibitishi kitu. Hata hivyo mzunguko mzima wa mwezi ni takriban siku 29 na nusu, kwa hiyo wiki tano zimepita giza moja na mbalamwezi yake, na nakubali kwamba una sababu ya kuwa na wasiwasi. Ulizia kwa wenzake wanaopakua mzigo Mwaloni, mtafute mdhamini aliyemweka katika mkataba kama yupo, na umtumie ujumbe kwa njia zote ulizonazo, ukihifadhi nakala ya kila ujumbe. Kisha bandika notisi mlangoni ikitaja kodi anayodaiwa na muda unaompa wa kujitokeza, mathalani siku 14, na nakala moja iwe ofisi ya mtaa. Piga picha ya notisi ikiwa imebandikwa.

Tatizo la tatu ni hilo jokofu. Usiliuze. Deni la kodi halikupi umiliki wa vyombo vya mdaiwa wako, hata kama vimo ndani ya kuta zako na hata kama mkataba una mstari unaosema hivyo. Njia ni kuanza na Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Likishindwa kuwasuluhisha, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko utakakoomba mambo mawili: kurudishiwa chumba, na amri kuhusu vyombo pamoja na kodi unayodai. Kwa mpangaji asiyejitokeza, kazi kubwa itakuwa kuonyesha kwamba aliitwa ipasavyo, na ndipo zile picha za notisi zitakapokufaa.

Utaniuliza kama yote haya yanastahili kwa chumba kimoja. Kodi ya mwezi mmoja na kidogo pengine ni ndogo kuliko nauli na muda utakaopoteza, na ushauri wangu wa kibiashara, ukiacha ule wa sheria, ni kwamba akijitokeza akiwa hana fedha, kubali achukue vyombo vyake, akuandikie deni mbele ya mwenyekiti, na akukabidhi chumba siku hiyo hiyo. Chumba kilicho wazi karibu na Mwaloni kitapata mtu haraka kuliko utakavyopata hukumu.

Swali la tatu

*Nina nyumba Malimbe, ninapangisha wanafunzi wa chuo. Mmoja aliyekaa tangu Novemba, akilipa mwezi kwa mwezi bila mkataba wa maandishi, ameondoka baada ya mitihani bila kuaga. Anadai kwa kuwa hatukuandikiana hakuna mkataba aliouvunja. Ni kweli? — Mwenye nyumba, Malimbe*

Si kweli. Upangaji wa mwaka mmoja au chini yake unaweza kufanyika kwa mdomo na ukatambulika kisheria. Kwa kuwa hamkukubaliana muda na alikuwa akilipa kwa mwezi, Sheria ya Ardhi inauhesabu kuwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuumaliza, awe yeye au wewe, hutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoishia siku ya kulipa kodi. Hivyo anadaiwa kodi ya mwezi mmoja badala ya notisi, isipokuwa kama umekwisha kumwingiza mwingine ndani ya mwezi huo. Mpigie kwanza mzazi aliyekuja kumpangishia, maana kijana asiyepokea simu yako huenda akapokea ya mama yake. Na kwa mwaka ujao, kwa kuwa unaijua ratiba ya chuo, pangisha kwa muhula na uandike tarehe ya mwisho.

Swali la nne

*Mshauri, mimi niko upande wa pili. Nimekodi fremu Igoma kwa 150,000 kwa mwezi na nimelipa mwaka mzima. Biashara ya vipuri imekataa, na imebaki miezi saba. Nimepata mtu atakayenipa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa fremu, na kunirudishia kodi ya miezi hiyo, lakini mwenye fremu amekataa kumpokea, na hataki kunirudishia hata senti. Ana haki? — Mpangaji, Igoma*

Kuhusu kurudisha kodi, ana haki ya kuikatalia maadamu fremu iko mikononi mwako na hajaipangisha upya. Wewe ndiye unayetaka kuondoka. Kuhusu kumkataa mtu wako, inategemea sababu. Mpangaji haruhusiwi kumpa mwingine eneo bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, lakini mwenye nyumba naye hatakiwi kuinyima idhini hiyo pasipo sababu ya maana. Katika barua yako ndefu umeandika kwamba mgeni anataka kufungua karakana ya kuchomelea vyuma katikati ya fremu zinazouza vitambaa na dawa. Hapo, ndugu yangu, mwenye fremu ana sababu ya maana, na ningekuwa yeye ningekataa pia. Mtafute mwenye biashara inayofanana na yako au isiyowasumbua majirani, mpeleke kwake kwa barua inayotaja biashara na uwezo wake wa kulipa, na uombe ajibu kwa maandishi. Akimkataa huyo naye bila kutoa sababu, utakuwa na hoja ya kupeleka Baraza la Kata.

Kilemba ni makubaliano yako na mgeni, na mwenye fremu hafungwi nayo. Ukikipokea ukampa funguo kwa siri, mgeni anaweza kutolewa kesho yake, naye atarudi kwako kudai fedha zake. Na wewe bado utabaki mdaiwa kwa kila atakachoharibu mpaka mwaka wako uishe. Idhini ikipatikana, andikeni karatasi moja yenye saini tatu, yako, ya mgeni na ya mwenye fremu, itakayosema kwamba mgeni anachukua miezi saba iliyobaki pamoja na wajibu wake wote na kwamba wewe umeachiliwa kuanzia tarehe hiyo. Kilemba kipokelewe baada ya saini ya tatu, na funguo zitoke baada ya kilemba.